Msiitwishe Kahawa Mzigo wa Akili

Siku moja ya kiangazi tulikuwa tumeketi kijiweni kwetu hapa Shinyanga mjini, wazee wastaafu sita na muuza kahawa wetu, mwenzetu mmoja aliyekuwa karani wa ushirika alipotoa simu mfukoni, akavaa miwani, akatusomea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Wataalamu wa Ulaya, alisema, wamegundua kwamba anywaye vikombe vitatu vya kahawa kila siku hapatwi na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Pakawa na shangwe. Wote waliagiza kikombe cha pili, na wawili wakaagiza cha tatu hapo hapo ili kutimiza dozi. Mimi nikasema kwamba wataalamu hawakusema hivyo, na hata wangesema hivyo isingetufaa sana sisi wa huku. Nikaambiwa kwamba ualimu umenikaa kichwani hata baada ya pensheni, na kwamba siku hizi hata shemeji wa mtu akipona mafua mimi hutaka kuona cheti.

Kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, na sauti yangu niliimaliza darasani kwa miaka 38. Ndiyo maana nawajibu hapa.

Ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kahawa. Nainywa kila siku, chungu, pamoja na kipande cha kashata ambacho daktari amenikataza. Ugomvi wangu ni na watu wanaoitwisha mzigo usio wake, kwani nimeona kwa macho yangu mzigo huo ulivyomwangukia mtu wa damu yangu.

Sisi wa Usukumani hatukuzaliwa na kahawa. Zao letu ni pamba, kinywaji chetu cha asubuhi kilikuwa uji au maziwa ya mgando, na aliyetaka kutafuna kitu alitafuna michembe kwa karanga. Kahawa tuliikuta kwenye magulio na katika miji ya reli, mikononi mwa Waswahili wa pwani na Waarabu wenye maduka. Marehemu baba aliniambia kwamba kahawa hukausha damu, na kwamba mtoto anayeinywa hupata wazimu ukubwani. Niliionja kwa mara ya kwanza mwaka 1970, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, kwa mwenzangu wa Kihaya ambaye mama yake alimletea kifurushi cha buni za kutafuna, zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha zikaanikwa. Alinieleza kwamba kwao Kagera mgeni hukaribishwa kwa buni hizo, na kwamba zamani watu wawili walipofanya udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Zamani hizo hizo si kila mtu aliruhusiwa kupanda mbuni. Ulikuwa mti wa watawala. Nilitafuna buni zangu, nikakesha nikihesabu mabati ya bweni, na wazimu haukuja.

Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja kahawa imetoka kuwa sumu ya akili ikawa dawa ya akili. Mti ni ule ule. Baba yangu alikosea, na karani wetu naye amekosea. Tofauti yao ni kwamba baba hakuwa na simu ya kumthibitishia.

Sasa kahawa hufanya nini hasa ndani ya kichwa? Shuleni kwangu kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na mtoto wa zamu aliigonga kwa nondo. Siku moja mtundu mmoja wa darasa la sita aliiviringisha ile rimu kwa magunia. Mtoto wa zamu aligonga kwa nguvu zake zote na hakuna aliyesikia, watoto wakaendelea kucheza mpira kana kwamba muda umesimama. Muda haukusimama. Kafeini, ile kemikali ya kahawa ambayo Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga mwaka 1819, hufanya kama yale magunia. Katika ubongo kuna kemikali nyingine iitwayo adenosini, ambayo hujilimbikiza kadiri mtu anavyokaa macho, na inapofika mahali pake hutoa habari kwamba mwili umechoka, ulale. Kafeini huwahi kukaa mahali hapo. Habari haifiki, na mtu hujiona mzima. Lakini adenosini inaendelea kujilimbikiza nje ya mlango, na kafeini ikiondoka huingia yote kwa pamoja. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa saa mbili usiku, saa saba za usiku bado ana nusu ya kikombe kichwani.

Hicho ndicho kitu tunachokijua kwa hakika. Kahawa huchangamsha, huamsha, huongeza usikivu kwa muda. Huu ni mkopo. Haimpi mtu akili ambayo hakuwa nayo, nayo ina riba.

Na hizo habari za Ulaya je? Zipo, wala karani hakuzitunga. Mwaka 2009 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya watu 1,409 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 21, wakakuta kwamba waliokunywa vikombe vitatu hadi vitano kwa siku katika umri wa makamo walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa usahaulifu kwa kiasi cha asilimia 65, wakilinganishwa na waliokunywa kidogo au wasiokunywa. Mwaka 2000 huko Hawaii, utafiti wa wanaume zaidi ya 8,000 wenye asili ya Japani ulionyesha kwamba wanywaji wa kahawa walipata ugonjwa wa Parkinson kwa uchache zaidi. Hayo ndiyo yanayosomwa kijiweni. Lisilosomwa ni la mwaka 2021, ambapo takwimu za watu 17,702 wa Uingereza zilionyesha kwamba waliozidisha vikombe sita kwa siku walikuwa na ubongo mdogo kwa ujazo, na uwezekano wa kupata usahaulifu mkubwa zaidi kwa asilimia 53 kuliko wenye kikombe kimoja au viwili. Tukiifanya kahawa dawa kwa habari ya kwanza, tuifanye sumu kwa habari ya tatu. Mwenye haki hachagui shahidi anayemfurahisha.

Ukweli ni kwamba tafiti za namna hii huona vitu viwili vikitembea pamoja, bila kujua kwa hakika ni kipi kinachomvuta mwenzake. Kila mwalimu mkuu wa zamani analijua hili. Katika shule yangu watoto waliovaa viatu walifaulu zaidi kuliko waliokuja pekupeku. Je, viatu ndivyo vilivyofanya hesabu za sehemu? Mwenye viatu alikuwa na baba mwenye mshahara, na mezani kwao palikuwa na taa, na asubuhi alikunywa kitu chenye sukari. Vivyo hivyo mzee wa Finland anayekunywa vikombe vinne kwa siku huenda ana afya ya kumruhusu, kazi ya kumchangamsha, na watu wa kunywa nao. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, na nawaheshimu kwa hilo, lakini hata wao huandika kwa kusita. Kusita huko ndiko kunakopotea njiani kati ya Finland na kijiwe chetu.

Labda utasema, Mwalimu, mbona unakasirikia jambo dogo? Wacha wazee wanywe kahawa yao. Hapo nitakueleza habari za dada yangu.

Alinizidi miaka tisa. Hakupelekwa shule hata siku moja. Alipoolewa upande wa Geita, ambao siku hizo ulikuwa Mkoa wa Mwanza kwani Mkoa wa Geita umeanzishwa mwaka 2012 tu, baba aliuza ng'ombe wawili wa mahari yake akanilipia ada ya shule ya kati. Kila herufi ninayoiandika hapa ina kwato za ng'ombe wale. Mwaka 2016 alianza kusahau. Kwanza alisahau mboga jikoni, kisha majina ya wajukuu, kisha njia ya kisimani aliyoipita kwa miaka hamsini. Usiku alitoka nje akazunguka miji ya majirani akiwaita watu waliokwisha kufa. Na macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu tangu utoto alipikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba katika jiko lisilo na dirisha.

Msomaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba katika mikoa yetu hii wanawake wengi wazee wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na mzee wa kike anayetembea usiku akizungumza na wafu hajulikani kama mgonjwa. Ana jina lingine.

Wanawe walimpenda, na hofu yao ilikuwa kubwa. Mmoja wao, mpwa wangu mwenye duka la simu katika mji mdogo wa machimbo, aliisikia mahali hii habari ya kahawa na ubongo. Akaanza kumnunulia mama yake kahawa ya unga, asubuhi chupa na jioni chupa. Nilipofika kumwona nilimkuta hajalala usiku wa tatu, anatetemeka, anatembea zaidi ya zamani. Nikauliza kama amepimwa presha. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, tulitaka kwanza tumalize hii dozi ya kahawa, tuone." Dozi hiyo ilikuwa imekwenda miezi saba.

Nilimpakia kwenye gari nikampeleka kupimwa. Presha ilikuwa 200 kwa 110. Daktari kijana, mtu mpole, alinieleza kwamba huenda mishipa midogo ya ubongo ilikuwa inaziba moja moja kwa muda mrefu, na kila iliyoziba iliondoka na kitu chake: jina, njia, uso. Alipewa vidonge. Yaliyopotea hayakurudi, ila kasi ya kupotea ilipungua, na usiku akaanza kulala, hasa baada ya ile chupa ya jioni kuondolewa. Tukazungumza na majirani na mwenyekiti wa kitongoji, tukalitaja gonjwa kwa jina lake mbele yao. Alifariki mwaka 2019, kitandani mwake. Kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu katika nchi yetu, kufa kitandani ni jambo la kumshukuru Mungu.

Simlaumu mpwa wangu. Alifanya alichoambiwa. Namlaumu aliyemwambia, kwa sababu kahawa haikumdhuru dada yangu kwa uchungu wake bali kwa miezi saba. Walikuwa na kitu cha kufanya, wakatulia. Ningelikuwa mtu wa kutunga sheria, ningetaka kila anayetangaza kwamba kinywaji fulani huponya kichwa aulizwe kwanza: umepima presha ya huyo unayemnywesha?

Tazama takwimu za kwetu wenyewe. Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba zaidi ya sita katika kila mia wana ugonjwa wa usahaulifu. Hai ni nchi ya kahawa. Migomba na mibuni imeota mpaka mlangoni. (Najua karani atasema Wachaga wengi huuza kahawa yao na kunywa mbege, na hapo nitampa alama moja.) Katika wilaya hiyo hiyo wazee 2,223 walipimwa presha, na karibu 70 katika kila mia wakakutwa nayo iko juu. Rudia kusoma namba hiyo. Tunabishana kuhusu vikombe vitatu ilhali theluthi mbili na zaidi ya wazee waliopimwa wana mishipa inayogongwa kwa nyundo usiku na mchana.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa usahaulifu na ambayo binadamu anaweza kuyapunguza. Yakishughulikiwa yote, walikadiria, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Katika orodha hiyo mna presha, kisukari, tumbaku, pombe ya kupindukia, kuumia kichwa, uziwi, macho yasiyotibiwa, moshi na hewa chafu, upweke. Kahawa haimo, si kwa wema wala kwa ubaya. Na jambo linalotajwa kwa upande wa utotoni ni kukosa elimu. Niliposoma hapo nilivua miwani. Ng'ombe wawili wa mahari walinunua kinga yangu, na aliyelipa ndiye aliyeikosa.

Kuna kisa cha pili, cha upande wa pili wa shilingi. Kwa dada yangu kahawa ilisifiwa isivyostahili. Kwa kijana nitakayemtaja ilisingiziwa.

Huyu alikuwa mwanafunzi wangu, mzuri wa jiografia. Alimaliza darasa la saba akaenda kwenye dhahabu kama wenzake. Baada ya miaka mingi nilikutana naye Katoro, akanishika mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo, Mwalimu," nikahisi mikono ile inatetemeka kama ya mzee wa miaka tisini. Tulikaa kwenye benchi la kahawa. Aliagizia mimi, yeye akakataa. "Mwalimu, kahawa nimeiacha. Imeniharibu mishipa. Ona." Akanyoosha vidole. Alikuwa na umri wa miaka 41. Nikamuuliza kazi yake ni ipi huko machimboni. Akaniambia hashuki tena duarani, kazi yake sasa ni kuchoma. Huchanganya unga wa mawe kutoka kwenye karasha na zebaki, hukamua kwa kitambaa, kisha donge hulichoma kwenye kikaango, moshi ukaondoka, dhahabu ikabaki. Wapi? "Nyumbani, Mwalimu. Nje wanaiba."

Huo moshi ndio zebaki yenyewe. Haikupotea, imepanda hewani, na kiasi cha asilimia 80 ya mvuke wa zebaki anaouvuta mtu hubaki mwilini, ukapita mapafuni, ukaingia kwenye damu, ukafika katika ubongo. Huleta kutetemeka, kusahau, hasira zisizo na sababu na kukosa usingizi. Mafundi wa kofia wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19, waliotumia zebaki kutengenezea manyoya, walitetemeka hivyo hivyo. Wala hatuhitaji kwenda Uingereza: mwaka 2003 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, huko huko Geita, na kati ya wachoma dhahabu takribani mmoja katika kila wanne alikutwa na dalili za kudhuriwa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki duniani umeanza kutumika mwaka 2017. Kikaango cha mwanafunzi wangu hakijapata habari.

Basi yeye aliacha kahawa, akaendelea na kikaango, chumbani ambamo watoto wake watatu hulala. Nilimweleza mpaka jua likazama. Nikamwambia akachomee nje, mbali na watoto, kwa kile chombo chenye bomba ambacho hurudisha zebaki isitoke hewani. Aliitikia kila nilichosema, kwa adabu ile ya mwanafunzi anayesubiri kengele. Sijui kama alinisikia. Kahawa ilikuwa mkosaji rahisi zaidi, kwa sababu kuiacha kahawa hakumpunguzii mtu kipato.

Hapo ndipo lilipo shtaka langu lote. Kwa mmoja kahawa imekuwa mganga, kwa mwingine mchawi, na pande zote mbili wakosaji halisi wanapita mlango wa nyuma. Machimboni vijana husukuma mawe usiku kucha, wakinywa kahawa na zile chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo mililita 250 hivi huwa na kafeini karibu miligramu 80, sawa na kikombe kizima cha kahawa. Wengine huchanganya na pombe kali. Kilevi hulaza, kafeini huamsha, na kijana hujiona hajalewa mpaka anapojikwaa mdomoni mwa duara. Halafu watu wa nyumbani huuliza kijana wetu akili zimemwendaje, wakaambiwa amerogwa kwa ajili ya dhahabu.

Wala mimi mwenyewe sina mikono safi. Miaka ya 1990, nilipokuwa mwalimu mkuu, darasa la saba langu liliwekwa kambi ya mtihani kwa wiki sita. Nilitaka shule yetu iongoze wilaya. Nilinunua taa mbili za karabai na kilo nne za kahawa ya Bukoba, na mpishi aliipika katika sufuria la makande, na watoto wa miaka kumi na minne walikunywa saa tatu usiku wakasoma mpaka saa nane, kisha saa kumi na moja nikawagongea ile rimu. Nilijiona mzalendo. Wiki ya tano msichana mmoja, wa kwanza darasani tangu la tatu, alisimama mbele ya ubao akashindwa kuandika tarehe. Alicheka, kisha akalia. Nilimwambia aongeze bidii.

Leo tunajua kwamba usingizi ndio unaopanga ubongoni yale yaliyosomwa mchana. Mtoto asiyelala ni ghala lisilo na mtunza ghala, magunia yameshushwa mlangoni na mvua inanyesha. Kahawa ile niliyowapa iliwaibia saa za kupanga magunia. Shule yetu haikuongoza wilaya. Yule msichana hakuchaguliwa. Amekwisha kuwa bibi sasa, ana mgahawa, na kila nikipita hunisalimia kwa heshima ambayo sikuistahili. Ndiyo maana nikiona shule za siku hizi zikijisifu kwa kambi za usiku, na wazazi wakituma chupa za chai na kahawa, natamani kuingia getini na kuzimwaga.

Nisije nikaonekana sina lolote jema la kusema. Mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila kuhofu, ndivyo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inavyoshauri, na mjamzito asizidi 200. Vikombe vyetu vidogo vya kijiweni haviwezi kumfikisha mtu huko haraka. Na kuna jambo moja ambalo namkubalia karani. Nikitazama ile orodha ya mambo 14 naona neno upweke, na nikitazama kijiwe chetu naona wazee sita ambao kila jioni hulazimika kukumbuka nani alisema nini jana, bei ya pamba ilikuwa ngapi mwaka 1975, na nani alifunga bao lipi. Huenda kinachotulinda, kama kipo, ni benchi kuliko kikombe.

Lakini hata hapo, tazama nani amekaa kwenye benchi. Sijawahi kuona mwanamke mzee akikaribishwa kijiweni. Dada yangu hakukaa kwenye benchi la kahawa hata siku moja katika maisha yake. Kahawa yake alipelekewa ndani, kwenye chupa, akainywa peke yake akitazama ukuta.

Jumatatu iliyopita nilinunua kipimo cha presha, cha kufunga mkononi, kinachoendeshwa kwa betri, nikakipeleka kijiweni. Nilimwomba muuza kahawa asimmiminie mtu kwanza, kwa sababu kahawa hupandisha presha kwa muda, na anayepimwa apumzike nusu saa bila kuinywa. Walinung'unika sana. Karani akasema ameona walimu wengi lakini mwalimu wa kuzuia kahawa hajamwona. Nikamfunga yeye wa kwanza. Kilipiga kelele, kikajaa, kikatulia, kikaandika 174 kwa 102. Nikampima tena baada ya dakika chache, kikaandika karibu yale yale. Akavua miwani, akaivaa, akakisogeza kile kipimo karibu na uso. Kisha akamuuliza muuza kahawa kama anaifahamu zahanati inayofunguliwa mapema. Wengine walikuwa tayari wamekunja mikono ya mashati, na mmoja akasema tukimaliza tumwite na mama muuza karanga wa ng'ambo ya barabara, naye apimwe, aje akae hapa kivulini.